Kupandanisha picha ili ua zima litoke kali: mwongozo wa upigaji picha za maua kwa karibu

Chukua ua la haibiskasi lililochanua, uliweke mbele ya lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ulenge fokasi kwenye stigma iliyo nchani mwa ule mhimili mrefu unaochomoza katikati ya ua, kisha piga picha moja. Ukiitazama kwenye kompyuta kwa ukubwa kamili utaona vinywele vya stigma vimetoka vizuri kiasi cha kuweza kuvihesabu, lakini chembe za chavua zilizo milimita chache nyuma yake zimefifia, na petali zenyewe, ambazo ndizo zilizokuvutia tangu mwanzo, zimegeuka wingu la rangi lisilo na mshipa hata mmoja. Lenzi haina kasoro, wala mkono wako haukutikisika. Ndivyo mwanga unavyofanya kazi kitu kinapokuwa karibu mno, na tiba yake ni kupiga picha nyingi za ua lile lile, kila moja ikiwa imelengwa nyuma kidogo ya iliyotangulia, halafu kuzipandanisha zote kwa programu inayochukua sehemu kali ya kila picha na kujenga picha moja.

Kina cha ukali, yaani unene wa ile nafasi ambamo vitu huonekana wazi mbele na nyuma ya mahali ulipolenga, hupungua kwa kasi kubwa kadiri unavyolikaribia ua. Kwa sensa (kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha) ya milimita 36 kwa 24, na kwa kipimo kilichozoeleka cha kuhesabu doa la milimita 0.03 kuwa bado ni nukta, lenzi iliyowekwa f/8 (namba ya f hueleza upana wa tundu la lenzi: namba ikipanda, tundu linakuwa dogo) hutoa kina cha takriban milimita 9.6 ua linapoangukia kwenye sensa kwa robo ya ukubwa wake halisi. Likifikia nusu ya ukubwa wake, kina kinashuka hadi milimita 2.9. Likifikia uwiano wa 1:1, ambapo milimita moja ya petali inachukua milimita moja ya sensa, unabaki na milimita 0.96 tu, na ua la kawaida lina kina cha milimita 20 au zaidi kutoka ncha ya mbele hadi petali ya nyuma.

Jambo la kwanza ambalo wengi hujaribu ni kulibana tundu la lenzi hadi f/22, wakitumaini kwamba kina kitaongezeka. Kinaongezeka kweli, lakini kinafika milimita 2.6 tu, na gharama yake ni kubwa. Katika uwiano wa 1:1 namba ya f inayofanya kazi kwa hakika ni takriban maradufu ya ile uliyoiweka, kwa hiyo f/22 inakuwa kama f/44, na mwanga unaolazimishwa kupita kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika. Ukifanya hesabu kwa mwanga wa kijani, kila nukta ya ua hutandazwa ikawa doa la milimita 0.059, karibu mara kumi ya upana wa pikseli moja ya sensa yenye pikseli milioni 24. Matokeo yake ni picha ambayo kila kitu kiko karibu na ukali na hakuna kilicho kikali. Ndiyo maana anayepandanisha picha hubaki kwenye f/5.6 hadi f/8, mahali ambapo lenzi nyingi za makro hutoa ubora wao mzuri zaidi, na kuiacha idadi ya picha ndiyo ilete kina.

Ningependa hili lieleweke mapema, kabla hatujaingia kwenye mipangilio: ubora wa picha ya mwisho huamuliwa mbele ya ua, wala si kwenye kompyuta. Programu inaweza kuzilinganisha picha zilizosogea kidogo, kuzipanua au kuzizungusha ili zikae sawa, lakini haiwezi kubuni ukali ambao haukupigwa katika picha yoyote, na haiwezi kuirudisha mahali pake petali iliyojikunja wakati wa upigaji. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo mawili tu, utulivu wa ua na ukubwa wa hatua ya fokasi.

Utulivu wa ua

Ua ni kitu hai na linajongea hata kama macho yako hayaoni. Lililokatwa na kutiwa ndani ya chupa ya maji linaendelea kufunguka, bua lake linajipinda kuelekea upande wenye mwanga, na kama limebanwa kwa nguvu linalegea polepole hadi lipate mkao wake. Niliwahi kupiga mfululizo wa picha 60 za ua lililokuwa limefunguka nusu, kwa taa ya balbu iliyokuwa karibu nalo mno. Kila picha ilikuwa nzuri ikitazamwa peke yake, ila zilipopandanishwa ukingo wa petali moja ulitokea mara tatu, kama mawimbi yanayofuatana ufukweni. Joto la taa lilikuwa limeifungua petali ile kwa kama milimita mbili katika dakika nilizokuwa nikipiga, na hakukuwa na namna ya kuuokoa mfululizo ule.

Kwa hiyo kata ua saa kadhaa kabla, bua likatwe kimshazari, na liache linywe maji mahali penye kivuli. Ukiwa tayari, shikilia bua kwa kibanio karibu kabisa na kichwa cha ua, chini tu ya sepali, vile vijani vinavyoshika petali kwa chini, kwa sababu bua lililoshikwa mbali hutikisika kama fimbo ya kuvulia samaki kila mtu anapopita chumbani. Kati ya kibanio na bua weka kipande cha sponji ili usiliponde. Halafu ondoka. Liache dakika 15 au 20 lizoee mkao wake mpya huku taa utakazotumia zikiwa zimewaka, na zima feni na kiyoyozi. Taa za LED zinafaa kuliko balbu zinazopata moto, na kwa vyovyote zikae mbali kadiri mwanga unavyoruhusu.

Kuna jaribio moja ambalo siliruki kamwe. Piga picha moja, subiri dakika mbili bila kugusa chochote, kisha piga nyingine kwa fokasi ile ile. Zifungue zote mbili kwa ukubwa kamili na uhamehame kati ya moja na nyingine ukitazama ncha za stameni, vile vijiti vinavyobeba chavua. Zikibaki pale pale, unaweza kuanza. Zikiruka hata kwa pikseli nne au tano, ua bado linajongea, na subira ya robo saa nyingine itakugharimu kidogo kuliko saa nzima ya kurekebisha kwenye kompyuta. Mfululizo ukiisha, rudisha fokasi mahali pa kuanzia na upige picha moja ya ziada, kisha uilinganishe na ile ya kwanza. Hapo utajua, ua likiwa bado mbele yako, kama lilitulia muda wote.

Nje ya nyumba adui ni upepo. Saa ya mapambazuko huwa na utulivu ambao hutaupata tena hadi jioni, na kijiti kilichochomekwa ardhini kando ya ua na kufungwa kwa kibanio laini hupunguza mtikisiko sana. Wapo wanaodhani kwamba flashi itamaliza tatizo kwa kuwa inagandisha mwendo. Inaugandisha ndani ya picha moja, lakini ua litakuwa mahali tofauti katika picha inayofuata, na hilo ndilo linaloharibu upandanishaji. Nje, afadhali upige mifululizo mifupi ya picha 5 hadi 8 upepo unapotulia, kwa f/8 au f/11, na ukubali kupiga kwa uwiano wa robo au nusu badala ya 1:1. Rudia mfululizo huo mara nyingi, maana kati ya kumi pengine mmoja ndio utakaokuwa umetulia.

Mipangilio ya kamera

Kamera ikae kwenye stendi ya miguu mitatu iliyo nzito, au ining'inizwe mfuko wenye uzito katikati yake. Kila kitu kiwe cha mkono: kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga), tundu la lenzi, ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya chini kabisa ya kamera, na mizani ya rangi, kwa sababu kamera ikiamua kubadili hata kimoja katikati ya mfululizo, programu itachanganya mwangaza tofauti katika petali moja na utaona mabaka. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi na cha sensa, kwani juu ya stendi kinaweza kuisogeza picha pasipo sababu. Tumia rimoti au kihesabu muda cha sekunde 2, na kama kamera yako ina shata ya kielektroniki itumie, mradi taa zako za LED hazipepesi, jambo linalojitokeza kama mistari myembamba ya mwanga na giza inayokata picha. Ukiiona mistari hiyo, punguza kasi ya shata au rudi kwenye shata ya kawaida. Hifadhi faili za RAW, yaani data ghafi ya sensa, na pamoja nazo JPEG ndogo kwa ajili ya jaribio nitakalolieleza baadaye.

Safisha sensa kabla ya kuanza. Katika picha ya kawaida chembe moja ya vumbi ni doa moja linalofutika kwa sekunde, lakini katika picha iliyopandanishwa doa hilo hutokea mara nyingi kama mlolongo wa shanga, kwa kuwa programu hupanua na kusogeza kila picha ili ilingane na jirani yake huku doa likibaki pale pale kwenye sensa.

Mwanga uwe laini. Petali nyingi zina nta inayong'aa, na kila mng'ao mkali huhama kidogo fokasi inapohama, hivyo huacha alama za ajabu. Karatasi nyeupe nyepesi au kitambaa cheupe kati ya taa na ua kinatosha, na kipande cha karatasi nyeupe upande wa pili kitajaza vivuli.

Kupima hatua ya fokasi

Hapa ndipo kazi nyingi hupotea. Sehemu kali ya kila picha ni lazima ilaliane na ya picha inayofuata, kama vigae vya paa, na mlaliano wa robo hadi theluthi moja ndio unaofaa. Hatua zikiwa kubwa mno, unapata mkanda wa ukungu kila baada ya mkanda wa ukali, na mikanda hiyo huonekana dhahiri zaidi kwenye petali iliyolala kuelekea kamera. Hatua zikiwa ndogo mno, unalundika picha mia mbili pale ambapo arobaini zingetosha, na ua linapata muda zaidi wa kujongea.

Kamera nyingi za miaka ya karibuni zinaweza kusogeza fokasi zenyewe. Nikon D850 ya mwaka 2017, kwa mfano, ina uwezo huo, na Canon EOS RP ya 2019 vilevile. Tatizo ni kwamba kwa kawaida ukubwa wa hatua hutajwa kwa namba tupu, labda 1 hadi 10, bila kusema ni milimita ngapi. Njia ya kuijua ni kuipima mwenyewe kwa rula ya kawaida. Iweke mbele ya lenzi ikiwa imelala kwa pembe ya nyuzi 45, upande mmoja karibu na wewe na mwingine mbali, kwa uwiano na tundu la lenzi utakalotumia kwa ua. Agiza picha 10 kwa hatua namba 3, kisha tazama mstari ulio mkali kabisa kwenye picha ya kwanza na ulio mkali kabisa kwenye ya kumi. Tuseme ukali umesafiri milimita 8.4 juu ya rula. Kwa kuwa rula imelala kwa nyuzi 45, kina halisi kilichopitwa ni 8.4 mara 0.71, yaani karibu milimita 6, na kwa kuwa kati ya picha 10 kuna hatua 9, kila hatua ni milimita 0.66. Ukilinganisha na kina cha milimita 0.96 tulichokitaja kwa f/8 katika 1:1, mlaliano wako ni theluthi moja hivi, na hatua namba 3 inafaa. Andika matokeo kwenye daftari kwa kila lenzi na kila uwiano unaoutumia mara kwa mara. Ni kazi ya jioni moja ambayo hutairudia.

Baada ya hapo hesabu ya picha ni nyepesi. Ua lenye kina cha milimita 22 likigawanywa kwa 0.66 linadai picha 34, kisha unaongeza 3 mbele ya ncha ya kwanza na 3 nyuma ya petali ya mwisho, jumla 40. Picha za ziada za mbele hazionekani kuwa na maana wakati wa kupiga, kwani hazina chochote kikali, lakini ncha ya stigma ikikosa picha iliyolengwa mbele yake kidogo, ncha hiyo itatoka butu na hakuna brashi itakayoinoa.

Kama kamera yako haina uwezo huo, zungusha pete ya fokasi kwa mkono ukiwa umeikuza picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera, na ubandike utepe wenye alama kwenye pete ili hatua zako zilingane. Inachosha, lakini inafanya kazi hadi uwiano wa 1:1. Ukipita hapo, tumia reli yenye skurubu inayosogeza kamera nzima, maana pete haina tena usahihi wa kutosha. Kwa uwiano wa chini ya 1:1 mimi huchagua pete kuliko reli, kwa sababu kamera inaposogea juu ya reli mahali pa kutazamia panahama, na stameni ya mbele inaanza kufunika sehemu za petali ambazo mwanzoni zilikuwa wazi.

Kupiga mfululizo

Anza mbele, umalizie nyuma. Tafuta kwanza kitu kilicho karibu zaidi na lenzi, ambacho mara nyingi si kile unachokidhania. Kwa haibiskasi ni stigma, lakini kwa alizeti iliyoinama huweza kuwa ncha ya petali ya chini. Amua pia mapema utakapokomea. Si lazima kila kitu kiwe kikali, na kwa maoni yangu picha nyingi zilizopandanishwa huharibika kwa sababu mpigaji hakujua pa kusimama: amechukua petali, majani, bua na ukuta nyuma, vyote kwa ukali mmoja, na ua limezama ndani ya vurugu. Ukikomea kwenye ukingo wa petali ya nyuma, mandhari yanabaki laini kama yalivyo katika picha moja ya f/8, na ua linajitokeza.

Weka nafasi pembeni mwa ua ndani ya fremu. Lenzi inapobadili fokasi, ua huonekana kukua au kupungua kidogo, na programu ikishazilinganisha picha zote, kingo za fremu hazitumiki tena. Asilimia 10 kila upande inatosha.

Kisha bonyeza, na usitembee. Picha 40 zenye mwanga wa robo sekunde na pumziko la sekunde 2 katikati huchukua dakika moja na nusu hivi. Sakafu ya mbao hupeleka kila unyayo hadi kwenye stendi, basi keti ungoje. Ukitumia flashi, ongeza pumziko mpaka ijae kikamilifu, la sivyo baadhi ya picha zitakuwa na giza kuliko nyingine.

Kwenye kompyuta

Fungua RAW zote pamoja na uzipe marekebisho yale yale kwa mkupuo mmoja: mizani ya rangi na mwangaza tu. Usinoe picha kabla ya kuzipandanisha, kwa sababu programu huutafuta ukali kwa kuangalia tofauti kati ya pikseli jirani, na picha zilizonolewa huifanya ichukue chengachenga za kelele (punjepunje zinazotokana na kamera, si na ua) kuwa ni umbile la petali. Zitoe kama TIFF za biti 16. Ni faili kubwa, takriban megabaiti 144 kila moja kwa kamera ya pikseli milioni 24, hivyo mfululizo wa 40 unakaribia gigabaiti 6. Hakikisha diski ina nafasi.

Programu zinazojulikana zaidi kwa kazi hii ni Helicon Focus na Zerene Stacker. Adobe Photoshop inaweza kupandanisha pia, kadhalika Affinity Photo, na kwa asiyetaka kulipia zipo programu huria align_image_stack na enfuse, zinazoendeshwa kwa kuandika amri. Katika enfuse weka --exposure-weight=0 --saturation-weight=0 --contrast-weight=1 --hard-mask, ili ichague pikseli kwa tofauti ya ukali pekee badala ya kuchanganya mwangaza wa picha zote.

Karibu kila programu maalumu ina njia mbili kuu, na kuzielewa kunafaa kuliko kukariri vitufe. Njia ya kwanza hutengeneza ramani ya kina: kwa kila mahali inajiuliza ni picha ipi iliyo kali, kisha inachukua pikseli za picha hiyo kama zilivyo. Ndiyo njia B ya Helicon Focus na DMap ya Zerene Stacker. Inatunza rangi na ulaini wa petali vizuri sana, lakini inababaika mahali ambapo kitu cha mbele kinakatiza kitu cha nyuma. Njia ya pili huigawa kila picha katika tabaka za maumbo makubwa na madogo, inachagua tabaka kwa tabaka, kisha inaziunganisha upya. Hiyo ni njia C ya Helicon Focus na PMax ya Zerene Stacker. Hii ndiyo bingwa wa stameni zilizosongamana na vinywele vinavyopishana, ila huongeza kelele na kuifanya rangi iwe kali kidogo kuliko ilivyokuwa. Kwa maua mimi hupandanisha mara mbili, kwa kila njia mara moja, nikichukua ya ramani kuwa msingi na kupaka kwa brashi sehemu za stameni kutoka ile ya pili.

Ukungu unaozunguka stameni

Tatizo hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na linastahili kuelezwa kwa utulivu. Stameni inasimama milimita 15 mbele ya petali. Unapoilenga stameni, petali iliyo nyuma imefifia. Unapoilenga petali, stameni ndiyo inayofifia, na kitu kinachofifia huvimba: ule uzi mwembamba unakuwa ukanda mpana wenye kingo laini unaofunika sehemu ya petali pande zote mbili. Basi kandokando ya stameni kuna ukanda mwembamba wa petali ambao haukupata kuwa mkali katika picha yoyote ya mfululizo, na programu, kwa kuwa haina cha kuchagua, huacha pale utando wa ukungu kama mvuke unaozunguka waya wa moto.

Ukubwa wa utando huo unategemea umbali kati ya stameni na petali, na upana wa tundu la lenzi. Kwa hiyo tiba inaanza kwenye kamera: kama ua lina stameni ndefu zilizosimama mbali na petali, panda kutoka f/5.6 hadi f/11, ukubali kupoteza ukali kidogo, na utando utapungua kwa nusu. Au zungusha ua kidogo hadi stameni ziangukie kwenye sehemu ya petali iliyo tupu, isiyo na mishipa wala madoa, ambapo ukungu hautaonekana. Kinachobaki kirekebishwe kwa mkono. Fungua zana ya kurekebisha ya programu, tafuta picha ya chanzo ambayo petali ni kali kando tu ya utando, na upake kwa brashi ndogo kuelekea stameni, ukisimama kabla ya kuigusa. Kisha hamia kwenye picha ambayo stameni yenyewe ni kali na upake ukingo wake. Kwa ua lenye stameni nyingi kazi hii inaweza kuchukua saa moja au mbili, na ni muda unaoonekana katika picha.

Mandhari nayo huhitaji jicho. Njia ya tabaka hukusanya kelele za picha zote 40 mahali ambapo hakuna kitu kikali, na nyuma ya ua inatokea punjepunje zisizopendeza. Irudishe mandhari laini kwa kuipaka kutoka picha moja tu. Mbali na ua tumia picha ya kwanza kabisa, ambayo ndiyo yenye mandhari iliyofifia zaidi, lakini ukikaribia ukingo wa petali ya nyuma badili utumie picha iliyoulenga ukingo huo, kwa kuwa katika picha ya kwanza petali hiyo imevimba na ukungu wake umemwagikia nje.

Noa picha baada ya yote hayo, kwa kiasi kidogo, na kata kingo zilizoharibika.

Limebaki lile jaribio la JPEG, ambalo katika mpangilio wa kazi huja mapema, mara tu baada ya kupiga. Kabla hujafungua kibanio wala kuzima taa, hamishia JPEG ndogo kwenye kompyuta na uzipandanishe kwa haraka; dakika chache zinatosha. Fuata kwa macho, kwa ukubwa kamili, njia kutoka ncha ya stigma, ushuke kwenye mhimili, uingie kwenye koo la ua, upande juu ya petali hadi ukingo wake wa nyuma. Ukikuta mkanda wa ukungu, rudi kwenye picha zilizo pande zake, uone hatua gani ilirukwa, kisha upige tena mfululizo mzima kwa hatua ndogo zaidi, wakati ua lingali limesimama pale pale kwenye mwanga ule ule.